Mfupa unaotiririka kama nta: jibu kwa dada wa goti la kushoto

Swali la dada lilikuwa refu, nimelifupisha: "Shikamoo dokta. Nina miaka 31, mguu wa kushoto unanisumbua tangu utotoni, goti halinyooki lote na usiku mfupa unauma ndani kwa ndani kama jino. Juzi nimepiga eksirei, karatasi imeandikwa melorheostosis. Daktari wa kwanza kasema inaweza kuwa kansa, tukate kinyama tupime. Wa pili kasema hajawahi kuiona. Wa tatu kaniandikia vidonge vya kalsiamu. Ni ugonjwa gani huu, una dawa, wanangu watarithi, na nimtafute daktari wa aina gani?"

Marahaba mdogo wangu, na pole sana, manake kukesha na mguu miaka yote hiyo alafu uende kwa madaktari watatu utoke na majibu matatu, hapo hata mwenye afya angeumwa. Ntakujibu kwa urefu, soma kidogo kidogo. Ila nianze na hilo linalokunyima usingizi kuliko hata goti: kama picha yako kweli inafanana na hilo jina lililoandikwa, basi sio kansa. Wala hauambukizi, wala sio kosa la mama yako alipokuwa na mimba yako, wala hujaupata kwa kuanguka.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, limeunganishwa maneno matatu, kiungo kwa maana ya mkono au mguu, kutiririka na mfupa. Waliouelezea mara ya kwanza ni Wafaransa wawili, Leri na Joanny, mwaka 1922, ndo maana vitabu vingine vinauita ugonjwa wa Leri. Mi ntauita meloreostosisi tusonge mbele. Ni wa nadra kwelikweli, makadirio yanayotumika ni kama mtu mmoja kwenye watu milioni moja, kwaiyo huyo daktari wa pili aliyekwambia hajawahi kuuona usimkasirikie, kati ya wote watatu yeye ndo alisema ukweli mtupu. Daktari wa mifupa anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu asikutane nao hata mara moja.

Mi mwenyewe niliuona kwanza nikiwa mwanafunzi. Mwalimu wetu alibandika filamu kwenye sanduku la taa akauliza mnaona nini, sisi tukaanza kutaja kansa za mfupa moja baada ya nyingine kama tunaimba. Akatuacha tumalize. Alafu akachukua kalamu, akaanza kufuata ule ukingo mweupe juu karibu na nyonga, akashuka nao upande mmoja wa mfupa wa paja bila kuinua kalamu, alipofika kwenye goti akaruka ile nafasi, akaendelea kwenye muundi upande uleule mpaka karibu na kifundo. Akasema kansa haina adabu hiyo ya kufuata mstari. Sijawahi kuisahau. Na ndo hiyo picha utaisikia ikifananishwa na nta ya mshumaa inavyochuruzika pembeni na kuganda, mfupa wa ziada umelala juu ya mfupa wa kawaida, mweupe pe, una mawimbi, na mara nyingi umeshika upande mmoja tu wa mwili. Kuna wengine mfupa unajaa kwa ndani, kwenye uwazi wa uboho, hao ule mchuruziko wa nje hauonekani vizuri, ndo wanaowachanganya wasomaji wa picha.

Sasa kwanini inafuata mstari? Hapa ndo patamu, na jibu limekuja juzi tu. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, ile ya Bethesda, timu ya Timothy Bhattacharyya na Joan Marini, walifanya kitu cha akili sana, walichukua vipande viwili vya mfupa kwa kila mgonjwa, kimoja kutoka sehemu inayoumwa na kingine kutoka sehemu isiyoumwa ya mtu huyohuyo, wakalinganisha. Wagonjwa walikuwa 15. Kwa 8 kati yao wakakuta hitilafu kwenye jeni inayoitwa MAP2K1, na ilikuwa kwenye mfupa mgonjwa tu, mfupa usioumwa hauna na damu haina. Hiyo jeni kazi yake ni kama swichi ya kuiambia seli ikue, kwa hao watu swichi imekwama imewaka. Mwaka 2020 timu hiyo ikaripoti jeni nyingine, SMAD3, kwa baadhi ya wale ambao mfupa unajaa kwa ndani.

Kwaiyo huenda kilichotokea kwako ni kwamba ukiwa bado tumboni, mwili unajigawa seli moja mbili, mbili nne, seli moja ikakosea kunakili. Vizazi vyote vya hiyo seli vikabeba lile kosa, vikaenda kujenga kipande cha paja na muundi wa kushoto. Seli zilizobaki zikajenga mwili mwingine wote salama. Ndo maana mguu wa kulia hauna neno.

Na hapo hapo tunajibu habari ya wanao. Kosa la namna hiyo liko kwenye mfupa, haliko kwenye yai, kwaiyo kwa kawaida halirithiwi. Ila kuna tahadhari moja ambayo madaktari wengi wanaisahau. Zipo familia chache zenye hitilafu ya jeni nyingine, LEMD3, hiyo inarithiwa, na inaleta vidoadoa vyeupe vidogovidogo kwenye mifupa ya pande zote mbili hasa karibu na viungo, saa ingine na vinundu vigumu kwenye ngozi, na wachache kwenye familia hizo wanaweza kuwa na hii meloreostosisi pia. Kwaiyo mwambie daktari aangalie kama mifupa ya mkono au nyonga ina vidoa, na we mwenyewe ujiulize kama nyumbani kuna mtu mwenye vinundu vya ajabu vya ngozi tangu udogo. Kama hamna, lala.

Ngoja nirudi kwa daktari wa kwanza, yule wa kukata kinyama. Hakukosea kuwaza kansa, mfupa mweupe unaoongezeka lazima uwaze. Tatizo ni kukata kabla ya kutazama vizuri. Meloreostosisi inatambuliwa kwa picha. Eksirei ya kawaida ya mguu mzima, kuanzia nyonga mpaka unyayo, miguu yote miwili ili walinganishe, hiyo peke yake inatosha kwa watu wengi. Siti skani inaonyesha umbo la mfupa wa ziada na kama unaingia kwenye kiungo, na MRI inaonyesha nyama, mishipa na neva zilizo karibu. Picha ya nyuklia ya mifupa yote, ile unachomwa dawa yenye mionzi kidogo, itawaka pale palipo na ugonjwa, usitishike ukiona pamewaka, ndo tabia yake, ila inasaidia kujua kama kuna mfupa mwingine umeguswa. Damu kwa kawaida inakuja safi, kalsiamu sawa, fosfeti sawa, wengi wanaumia hapo wakidhani wanaambiwa hawaumwi. Unaumwa, ila ugonjwa hauonekani kwenye damu.

Bayopsi, yaani huko kukata kinyama kupima, inabaki kwa pale picha zinapogongana, mfano uvimbe upo mfupa mmoja tu, haufuati mstari, au umebadilika haraka. Na kama itabidi ifanyike, afanye daktari wa mifupa anayeshughulika na uvimbe wa mifupa, akishirikiana na anayesoma picha, sio yeyote tu mwenye kisu, manake ikija kuonekana ni kitu kingine, ile njia aliyopitisha sindano inaweza kuharibu operesheni inayofuata. Hii nasisitiza nimeona watu wakiumia.

Daktari wa tatu na vidonge vyake vya kalsiamu, sijui alikuwa anawaza nini. Huna upungufu wa kitu. Na upande wa pili kuna watakaokwambia acha maziwa, punguza kalsiamu ili mfupa usikue, hayo nayo achana nayo, hii seli haisubiri maziwa yako ndo ijenge, utakachofanikiwa ni kudhoofisha mifupa mingine mizima.

Haya, dawa. Hamna dawa ya kuuondoa, nakwambia wazi usije ukaliwa hela na mtu. Lakini kutokuwa na dawa ya kuuondoa sio kutokuwa na matibabu, na hapa ndo nataka uelekeze nguvu zako: kinachoharibu maisha ya mtu mwenye ugonjwa huu mara nyingi sio ule mfupa mweupe kwenye picha, ni kiungo kilichokakamaa na maumivu. Nimeona watu wana picha za kutisha wanatembea vizuri, na wengine wana kamchirizi kadogo tu lakini kamekaa pabaya pembeni ya goti, mguu umekunja.

Kwenye maumivu tunaanza na za kawaida, parasetamoli, ibuprofeni, naproxeni, kwa utaratibu na kwa uangalizi wa tumbo na figo, sio kumeza kila siku mwaka mzima kwa kujinunulia. Kama maumivu yanachoma, yanatekenya, mguu unakufa ganzi, hapo huenda neva imebanwa au imekereka, kuna dawa zake kama gabapentini au amitriptilini, ibuprofeni hapo haifanyi kitu. Kwaiyo ukienda usiseme tu "unauma", sema unauma vipi na saa ngapi.

Alafu kuna kundi la bisfosfoneti, hasa zoledroneti na pamidroneti za kuingiza kwenye mshipa. Zinatuliza zile seli zinazobomoa mfupa, na baadhi ya wagonjwa wamepata nafuu kubwa ya maumivu, wengine kidogo, wengine hamna kitu. Ushahidi wake ni wa wagonjwa wachache wachache walioripotiwa, hakuna majaribio makubwa, na kwa ugonjwa wa mtu mmoja kwa milioni usitegemee yatakuja kesho. Mi naona kwa mtu kama wewe anayekesha na mfupa inastahili kujadiliwa. Kabla ya kuchomwa wapime figo, kalsiamu na vitamini D, uone daktari wa meno kwanza kama una jino bovu ling'olewe kabla, manake kuna madhara ya nadra ya taya kutopona. Siku ya kwanza na ya pili unaweza kupata homa na mwili kuuma kama mafua makali, inapita. Na hili waambie mapema: kama unataka kuzaa bado, sema, dawa hizi zinakaa kwenye mfupa miaka mingi na hiyo inabadilisha hesabu.

Utasikia pia habari za dawa zinazozima ile swichi niliyoitaja, kwa mfano trametinibu, iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya kansa ya ngozi. Kwa nadharia inaeleweka kabisa kwanini watu wanaiwazia. Lakini haijaidhinishwa kwa ugonjwa huu na ina madhara ya ngozi, moyo na macho, kwaiyo mtu asikuuzie pembeni, hiyo ni ya ndani ya utafiti, unasainishwa, unafuatiliwa.

Tuje kwenye goti. Mazoezi ya viungo ndo uti wa mgongo wa hii kazi na watu wanayadharau kwasababu hayana sindano. Mtafute fizio, mwambie lengo sio kupasha misuli tu, lengo ni kulinda unyookaji wa goti. Siku ya kwanza apime kwa kile kipimo cha nyuzi za pembe, aandike, mfano goti linabakia nyuzi 20 kabla ya kunyooka, na kila baada ya miezi mitatu apime tena palepale. Bila namba mtabishana kwa hisia. Nyumbani fanya hivi: kaa kitandani, kunja taulo liwe kama mto mdogo, weka chini ya kisigino, sio chini ya goti, acha goti lining'inie lenyewe lishuke taratibu, dakika tano mara kadhaa kwa siku. Litavuta nyuma ya goti, kuvuta ni sawa, kuchoma ghafla sio sawa. Usiku fizio anaweza kukupa bamba la kushikilia mguu. Kitu ambacho sitaki ni mtu akukalie juu ya goti akandamize, au ukandwe kwa nguvu juu ya ule mfupa. Ngozi na nyama za juu yake mara nyingi zimekaza pia, ni sehemu ya ugonjwa, ukizilazimisha zinachanika kwa ndani na kupona zikiwa zimekaza zaidi.

Pima na urefu wa miguu. Wengi wetu tunakimbilia goti tunasahau kwamba mguu mmoja ni mfupi, mtu anatembea anachechemea miaka, mgongo unaanza kuuma, anadhani ugonjwa umepanda. Tofauti ndogo ya sentimita moja au mbili inarekebishwa na soli ya kuongeza kwenye kiatu, jambo la fundi wa viatu vya tiba. Kwa mtoto ni tofauti, mifupa bado inakua na ugonjwa unaenda kasi zaidi utotoni kuliko ukubwani, kwaiyo mtoto afuatiliwe kwa karibu, wapo wanaohitaji kusawazishiwa urefu kabla hajamaliza kukua.

Operesheni. Ipo, na saa ingine ni lazima, ila nakuomba usiingie kwa haraka. Kuna kukata tishu zilizokaza, kuna kupunguza mfupa unaobana neva au unaozuia kiungo, kuna kukata mfupa na kuunyoosha, kuna kuvuta taratibu kwa vyuma vya nje vya Ilizarov. Shida ya kwanza ni kwamba kukakamaa kunapenda kurudi, hasa kama walikata nyama tu na fizio haikufuata. Shida ya pili, goti lililozoea kukunja miaka 20 mishipa yake ya damu na neva imefupika nayo, ukilinyoosha lote siku moja mezani unaweza kunyonga mishipa mguu ukakosa damu, ndo maana wengi wetu tunapenda kunyoosha taratibu, milimita kwa milimita. Shida ya tatu mfupa wenyewe ni mgumu kama jiwe, drili inalia. Kwaiyo muulize daktari maswali matatu tu: unataka kutatua tatizo gani hasa kwenye mguu wangu, utanyoosha kwa siku moja au kwa wiki, na likirudi tutafanya nini. Akijibu kwa utulivu kaa naye. Akisema "tutauondoa wote upone" ondoka.

Sasa nani wa kumtafuta. Usitafute bingwa wa meloreostosisi, karibu hawapo, utazunguka mpaka uchoke. Tafuta hospitali ya rufaa inayofundisha madaktari, uulize kliniki ya uvimbe wa mifupa, hata kama huna kansa, manake hao ndo wanaojua kutofautisha. Uliza kama kuna daktari wa picha anayesoma mifupa na viungo peke yake, huyo kwako ana thamani kuliko mpasuaji. Ongeza fizio, na kliniki ya maumivu kama ipo, na daktari wa homoni na mifupa kwa zile bisfosfoneti. Alafu kati ya wote mmoja awe nahodha, ajue wenzie wameandika nini. Asiyejua ugonjwa lakini yuko tayari kusoma na kupiga simu kuuliza ni bora mara kumi kuliko anayejifanya anaujua.

Na we uwe na faili lako. Omba picha zako kwenye CD au flashi, zile faili halisi zinazotoka kwenye mashine, sio kupiga filamu picha na simu dirishani, nimetumiwa za namna hiyo nyingi na nnachoona humo ni taa ya chumba na kidole cha mtu. Andika ukurasa mmoja, sio kumi: maumivu yalianza lini, yanauma vipi, nyuzi za goti, dawa ulizotumia na zilizosaidia, operesheni kama zipo. Ukiwa na hivyo viwili, hata daktari wa nchi nyingine anaweza kukupa maoni bila we kusafiri. Ulaya kuna mtandao wa hospitali za magonjwa nadra ya mifupa unaitwa ERN BOND, madaktari wanaweza kupelekeana humo kesi ngumu, na Orphanet, tovuti ya magonjwa nadra iliyoanzia Ufaransa mwaka 1997, ina orodha ya vituo na maelezo mafupi ya kumchapishia daktari wako. Kwa utafiti unaoendelea angalia ClinicalTrials.gov, andika jina la ugonjwa, utaona kama kuna unaopokea watu. Mtu akikwambia ulipie ili uingie kwenye utafiti, kuwa macho, tafiti za kweli kwa kawaida hazikutozi.

Meloreostosisi kugeuka kansa ni nadra mno, visa vilivyoandikwa ni vya kuhesabika, lakini rudi haraka ukiona uvimbe unakua ndani ya wiki, au maumivu mapya yasiyofanana na yale uliyoyazoea, au unakonda bila sababu. Na bila kusubiri miadi, siku hiyohiyo, kama mguu umekuwa wa baridi na umepauka, au unyayo umelegea ghafla hauinuki.

Kwa sasa, kabla ya kukubali kukatwa kinyama, chukua ile eksirei uliyonayo, weka kwenye mwanga, tafuta ukingo mweupe uufuate kwa kidole kama mwalimu wangu alivyofuata kwa kalamu. Kama unaruka goti na kuendelea upande uleule, mpelekee daktari wa kwanza umwombe atazame tena na mtu wa picha kabla ya kukupangia tarehe. Nitumie zile faili halisi zikipatikana, na uniambie goti lako linabakia nyuzi ngapi.